Mhunzi Asiye na Mwalimu

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mhunzi. Wala si mhunzi yeyote, bali yule aliyejifunza kufua chuma pasipo mwalimu, na walionitia katika fikira hizo ni vijana wapendao mchezo mmoja ambao huenda wazee wenzangu hawajapata kuusikia.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani, watu wanne au watano wakiketi pamoja na karatasi, kalamu na dadu, na kila mmoja wao hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, akasema kwa niaba yake na kutenda kwa niaba yake katika nchi isiyokuwepo, yenye wafalme, mazimwi na wachawi, ilhali mmoja miongoni mwao huwa ndiye msimulizi na kadhi wa mambo yote. Ulio mashuhuri kupita yote ya jamii hiyo, uitwao Dungeons & Dragons, ulitolewa huko Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Kabla dadu hazijarushwa, kila mchezaji hutakiwa aje na nasaba ya mhusika wake: amezaliwa wapi, amelelewa na nani, kazi gani imemkomaza mikono, na jambo gani lililomtoa kwao akaingia katika hatari za dunia. Na katika wahusika wapendwao yumo huyo mhunzi aliyejifundisha mwenyewe, naye aghalabu huchorwa na ndevu nyekundu, mkazi wa kijiji kilicho chini ya milima ya theluji, ambaye siku moja aliokota nyundo akajikuta anajua.

Hilo la kujikuta anajua silikubali hata kidogo. Chuma hakimpi mtu ujuzi kwa sababu ya moyo wake mwema, na mwandishi amfanyiaye mhusika wake takrima ya namna hiyo humnyang'anya kitu kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo, yaani ile njia ndefu aliyoipita. Aidha nasema kwamba kijana wa Katanga yetu hii, kusini mwa Kongo, atakaye kumwandika mhunzi asiye na mwalimu hana haja ya kwenda kumwazima kwa watu wa theluji, maadamu nchi hii imemzaa mhunzi wa namna hiyo, tena imemzaa kwa uchungu. Kabla ya kuuliza alijifunzaje, yafaa tuulize alikosaje wa kumfundisha, katika ardhi iliyokuwa na mabingwa wa moto tangu zamani za kale.

Kaskazini ya huku kwetu, katika bonde la Upemba, mahali unapopita mto Lualaba baina ya maziwa na vinamasi, wanavyuoni wa mambo ya kale wameyafukua makaburi ya watu walioishi humo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Uchimbaji wa Sanga, kando ya ziwa Kisale, ulianza mwaka 1957 chini ya Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, na baadaye Pierre de Maret akauendeleza katika bonde zima. Na katika kaburi moja la Kamilamba, humo humo bondeni, alionekana marehemu aliyezikwa na shoka la heshima, na karibu na kichwa chake limewekwa fuawe la chuma. Fikirini, ndugu zangu, waliomzika walikuwa watu ambao chuma kwao kilikuwa mali ya thamani, nao wangeweza kulibakiza fuawe lile juu ya ardhi likaendelea kufanya kazi; walakini waliona kwamba adhama ya mtu huyo haitimii kaburini bila ya chombo hicho.

Waluba nao husimulia kwamba ufalme wao mtukufu ulisimamishwa na Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji mgeni Mbidi Kiluwe, baada ya kumshinda Nkongolo aliyekuwa mkali na mwenye kiburi, na kwamba pamoja na adabu za kifalme uliingia ustadi wa uhunzi. Mfalme alipotawazwa ilikuwemo ibada ya kupiga fuawe, ili watu waone kwamba atawalaye na afuaye chuma wana asili moja. Na hata katika nywele zao Waluba walichomeka pini ndogo za chuma zilizofuliwa kwa umbo la fuawe. Mahali ambapo fuawe limepanda hadi kwenye kiti cha enzi na likashuka hadi kwenye pambo la nywele, mhunzi hakuwa mtu wa kuokota nyundo njiani. Alikuwa mrithi.

Na huku kusini, kwenye ukanda wa shaba, warithi hao walikuwa ndio wale walioitwa wala shaba. Mtama ukiisha kuvunwa na mvua zikiisha kukatika, mkuu alitangaza kwamba wakati umewadia wa kwenda kula mukuba, yaani shaba, na kijiji kizima, waume kwa wake, kikahamia machimboni. Wanawake na watoto waliokota yale mawe ya kijani yaliyotawanyika juu ya ardhi wakayaosha mtoni, wanaume wakachimba mashimo kwa sululu za chuma, wengine wakachoma makala msituni, na mabingwa wakajenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto kuliko udongo wowote wa kawaida. Mivukuto ya ngozi ya mnyama ikapulizwa kwa zamu, mpaka shaba ikatoka katika mawe. Kisha ikayeyushwa mara ya pili ili itakasike, ikamiminwa katika kalibu, na mara nyingi kalibu hiyo ilikuwa ya umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ilikwenda mbali. Kule Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi katika nchi ya Zambia, yamefukuliwa makaburi ya karne nyingi zilizopita yaliyokuwa na misalaba ya shaba pamoja na nyundo, koleo na mabamba ya kuvutia nyaya.

Kazi hiyo ilikuwa na walinzi wake. Bingwa wa tanuri hakumfundisha kila mpita njia. Alikuwa na dawa alizozirithi, na miiko, na kama ilivyokuwa desturi katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, wayeyushaji walijitenga na unyumba kwa muda wote wa kazi. Vijana wa leo wakisikia habari za miiko hudhani ni ushirikina mtupu. Mimi naiona pia kuwa ilikuwa ngome ya elimu: mtu akilazimishwa kuyafuata mambo kwa utaratibu usiobadilika, siku ile ile, kwa kipimo kile kile, kwa wimbo ule ule wenye urefu ule ule, hujikuta ameihifadhi hesabu ya tanuri bila ya kuiandika.

Kisha walikuja Bayeke. Msiri, mkuu wao, aliyetoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19, aliujenga mji wake Bunkeya akaiteka biashara ya shaba, ya pembe na ya watumwa (nalo hili la mwisho si jambo la kusifiwa, wala sitalipita kimya kwa sababu tu ninasifu mafundi), na mafundi wa Bayeke walijulikana sana kwa kuvuta nyaya. Ufito wa shaba ulichongwa ncha, ukapitishwa katika tundu la bamba la chuma, ukavutwa kwa nguvu za mwili mzima, kisha ukapitishwa katika tundu dogo zaidi, na jingine dogo zaidi, mpaka ukawa mwembamba kukaribia unywele. Na uzi huo wa shaba ukazungushwa juu ya nyuzi za mmea au manyoya ya mnyama ukawa bangili. Yeyote aliyewahi kuvuta waya anajua kwamba shaba hugoma kila baada ya matundu machache, ikawa ngumu na tayari kukatika, na haina budi irudishwe motoni ilainike. Kujua ni lini hasa inagoma na ni lini irudishwe ni elimu ya miaka, inayokaa katika viganja.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa kikoloni ulioongozwa na Stairs, naye Bodson akapata jeraha lililomuua. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mji mpya wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuri kubwa la huko likatoa shaba yake ya kwanza. Nimezitaja tarehe hizi kwa haraka kwa kuwa zinafahamika. Ninachotaka tukitazame ni kile kilichokwenda chini ya tarehe hizo. Jiwe la kijani halikuwa tena la mkuu wala la bingwa. Machimbo yalikuwa ya kampuni, makala yakawa makaa ya mawe, majembe na mashoka yaliyotengenezwa viwandani yakaja kuuzwa madukani, na kijana ambaye angeketi miguuni pa babaye kujifunza mivukuto alikwenda kushika sepetu kwa mshahara. Mmisionari Mbenediktino Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu, alipochapisha mwaka 1926 habari zake za wala shaba wa Katanga, alikuwa anaandika juu ya kazi ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha. Na Katanga ilipojitangazia dola yake mwaka 1960, bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na sarafu za mwaka 1961 zikatiwa chapa ya msalaba huo huo. Alama ilibaki mahali pa wazi, juu ya mlingoti na mfukoni mwa kila mtu, ilhali mkono uliojua kuusubu msalaba ulikuwa umeshalala.

Hivi ndivyo mhunzi wetu alivyokosa mwalimu. Hakuzaliwa mahali pasipo na elimu. Alizaliwa baada ya mlango wa elimu kufungwa, na ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kijana unayemwandika mhusika, andika hilo kwanza.

Halafu mweke hapa, Kasumbalesa. Kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia, hupita malori yaliyobeba shaba kwenda bandari za mbali, za Dar es Salaam na za kusini, na mengine yakirudi na shehena za kiberiti (salfa), chokaa na vyakula; na kwa kuwa mizigo ni mizito na barabara haina huruma, springi huvunjika, zikatupwa au zikauzwa kwa kilo. Springi ya lori ndiyo feleji bora kuliko zote apatazo maskini. Mpe mhunzi wako kipande chake kimoja. Mpe na kipande cha reli kiwe fuawe, kwani wahunzi wengi wa kando ya barabara hawana jingine, na msomaji wako atakumbuka bila ya kuambiwa ni nini reli ilileta katika nchi hii. Kwa mivukuto mpe feni iliyotolewa katika gari bovu, izungushwe kwa gurudumu la baiskeli. Na makala atayapata, kwa maana hakuna nyumba ya Katanga isiyo na mbabula, jiko la makala.

Nami ningemfanya awe mtoto aliyelelewa na fundi wa zile picha za shaba zifuliwazo juu ya bamba, ambazo wageni wa Lubumbashi hununua. Sababu yangu ni hii. Shaba na feleji zina tabia zinazopingana. Shaba iliyopigwa sana ikawa ngumu hutiwa motoni mpaka ipate wekundu, ikatumbukizwa majini, nayo hutoka laini, tayari kupigwa tena. Mtoto aliyekulia katika desturi hiyo akichukua springi, akaifua ikawa patasi ya kupasulia mawe, kisha kwa mazoea akaitumbukiza majini ingali nyekundu ili ilainike, ataitoa ikiwa ngumu kuliko alivyopata kuiona, atafurahi, ataipiga nyundo mara moja, nayo itakatika mithili ya kigae. Tuseme anamwendea yule mzee aliyemlea.

"Shikamoo, tata. Nimekifanyia kama tuifanyiavyo shaba, nacho kimenivunjikia mikononi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi chuma sikijui. Aliyekijua ni babu yangu, naye hakuniachia. Nenda kakiulize chenyewe."

Hapo ndipo elimu yake inapoanza, na hapo ndipo mwandishi asiwe na haraka. Kwanza atajifunza rangi za moto, na atazijifunza jioni, au chini ya paa la bati lililozibwa, kwa kuwa jua la mchana huzificha: wekundu wa damu, wekundu wa tunda bivu, rangi ya chungwa, rangi ya manjano, na feleji ikianza kurusha cheche nyeupe, imekwisha kuungua, wala hakuna dua itakayoirudisha. Siku moja, kwa bahati au kwa utundu, ataikaribisha sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu kwenye chuma chekundu, na atashangaa kuiona haishiki. Chuma kikipita joto la digrii 770 hivi huacha kuitii sumaku, na joto la kuigandishia feleji ugumu halikai mbali juu ya hapo. Basi kipande kile cha spika kitakuwa mwalimu wake wa kwanza asiyekasirika. Kisha atagundua kwamba maji huiumiza springi kwa baridi yao ya ghafla na kuitia nyufa, na kwamba oili chafu iliyomwagwa katika injini huipoza kwa upole. Mwisho atafika kwenye lile lililo gumu kupita yote: ya kwamba chuma kilichogandishwa hakina budi kirudishwe motoni kidogo, taratibu, baada ya kusuguliwa kikang'aa, na kwamba juu ya ule mng'ao zitatembea rangi, kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Patasi ya mawe ikizuiwa mapema mno itamegeka, ikicheleweshwa mno itapinda. Ni pumzi chache tu zilizo baina ya hizo mbili. Bingwa wa Kiluba angemwonyesha kijana pumzi hizo kwa kumgusa bega; huyu wetu atazipata kwa kuharibu patasi nyingi, na kila patasi iliyoharibika ni springi aliyoinunua.

Wala asifanye kazi kwa ajili yake peke yake. Wateja wake ni wale wachimbaji wa mikono, creuseurs, ambao sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwatambua na ambao hushuka ardhini kwa kamba, nyundo na patasi, wakitafuta jiwe lile lile walilolitafuta wala shaba. Mashimo hayo huporomoka, na watu hufa. Mchezo hupenda kumwonyesha mhunzi akifua upanga wa shujaa, na ni halali. Lakini mhunzi wa Kasumbalesa ana jambo zito zaidi moyoni, kwa kuwa mteja aliyemuuzia patasi jana huenda leo yuko chini, na patasi ile ikivunjika yeye hatakuwepo kuiona. Mpe usiku wa kulifikiri hilo. Mhusika mwenye usiku wa namna hiyo hahitaji zimwi ili apate sababu ya kuondoka kwao.

Na upungufu wake msimfiche, kwa maana wachezaji wengi hupenda mhusika aweze kila kitu. Mtu aliyejifundisha peke yake hujua sana alilolijua, na halijui kabisa lililo kando yake. Vyombo vyake amevipa majina yake mwenyewe, kwa hiyo akikutana na fundi mwenziwe hawaelewani upesi. Hana mtu wa kumsahihisha, na baada ya miaka huanza kudhani kwamba kutosahihishwa ni dalili ya kuwa sahihi. Hajui kuvuta waya wa Bayeke, wala kujenga tanuri la udongo wa kichuguu, wala kutoa shaba katika jiwe. Anaweza kufua vilivyokwisha kuyeyushwa na wengine, kuyeyusha hawezi.

Basi hiyo ndiyo safari ningempa. Ningemtuma, yeye na wenziwe wa mezani, wavuke bonde la Upemba na milima ya Mitumba wakimtafuta mtu wa mwisho aijuaye hesabu ya tanuri, pamoja na bamba la chuma lenye matundu lililofichwa na mjukuu wa mvuta nyaya. Na kadhi wa mchezo aweke njiani maadui awatakao. Thawabu yake isiwe dhahabu. Iwe ni siku moja ya kukaa mwanafunzi, mtu mzima mwenye mvi ameshika mivukuto, mzee akimwambia lini apulize na lini aache.

Ndugu wasikilizaji, mchezo ni mchezo, lakini kutafuta huko kwaweza kufanywa na yeyote kati yetu pasipo dadu. Katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi misalaba ya shaba ipo, na atakaye kuiona aende akaione. Na ikiwa nyumbani mwenu, au kwenu, iwe Bunkeya, kando ya ziwa Kisale, Likasi au Sakania, yuko mzee wa kiume au wa kike aliyewahi kushika mvukuto, au aliyesikia kwa mama yake nyimbo za kwenda kula mukuba, mketini naye wiki hii, mmuulize jina la kila chombo na kazi yake, udongo ulitoka wapi na makala ya mti gani, mkayaandike katika daftari kwa lugha yake mwenyewe, pamoja na jina la kijiji na tarehe, kisha mtunze nakala mbili.